Usione Vyaelea: Tarakilishi Iliyozima Katangi

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii niliifahamu tangu shule ya msingi. Niliitumia kupamba insha zangu, nikapewa alama, na nilipofika chuoni niliwahi hata kuieleza mbele ya darasa kama mfano wa udondoshaji wa nomino. Hata hivyo, ndugu msomaji, sina budi kukiri kwamba sikuielewa hadi mwanzoni mwa Septemba 2009, siku nilipoketi juu ya kreti ya soda barazani pa fundi wa redio katika soko la Katangi, tochi mkononi, nikikitazama kisanduku cha bati ambacho nilishindwa kukitaja jina.

Katangi ni mji mdogo wa soko katika nyanda kame za Yatta, Machakos. Anayetoka Nairobi hupitia Thika, akaifuata barabara ya Garissa hadi Kithimani, kisha akaiacha barabara hiyo kuu na kuingia ndani. Ni nchi ya vumbi jekundu, mibuyu michache na mito ya mchanga. Mwaka huo wa 2009 ukame ulikuwa umetubana kwelikweli. Bwawa la Masinga, ambalo lilikamilika mwaka 1981 na ambalo ndilo la juu kabisa katika msururu wa mabwawa ya umeme ya Mto Tana, lilipungua maji kiasi kwamba mitambo yake, yenye uwezo wa megawati 40, ilizimwa. Mwezi Agosti mgao wa umeme ukaanza nchini. Kwetu, mtu alisubiri lori la maji mchana na kusubiri umeme jioni.

Dada yangu mkubwa alikuwa na duka la kuchapa hapo sokoni. Lilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, mashine ya kunakili, kichapishi, na tarakilishi moja aliyoinunua ikiwa imetumika tayari, Luthuli Avenue jijini Nairobi, mwaka 2005. Tarakilishi hiyo ilikuwa imeundwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nayo ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ndiyo iliyochapa mikataba ya kuuziana mashamba, kadi za michango ya harusi, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule za jirani. Ndiyo pia iliyonilipia karo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, dada alinitumia fedha kila mwezi, na ninajua zilikotoka. Zilitoka katika kurasa za shilingi thelathini thelathini.

Likizo hiyo nilikuwa nyumbani nikiandika tasnifu. Mada yangu, na hapa nakuomba usinicheke, ilikuwa uundaji wa istilahi za tarakilishi katika Kiswahili. Nilikuwa nimekusanya istilahi zaidi ya mia sita: kipanya, kiteuzi, faili, kabrasha, tovuti, wavuti, barua pepe. Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa kuhusu marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetupa neno runinga, na kurasa nyingine kuhusu Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004. Sura tatu zilikuwa zimekamilika. Zote tatu zilikuwa ndani ya tarakilishi ya dada, na kwa uzembe ambao hadi leo sina utetezi nao, sikuwa na nakala nyingine mahali popote.

Majuma mawili kabla ya mkasa, dada alikuwa amenidokeza, "Hii kompyuta siku hizi inachelewa kuamka." Alimaanisha kwamba asubuhi alilazimika kubonyeza kitufe mara tatu au nne ndipo iwake, lakini ikishapata joto ilifanya kazi siku nzima bila tatizo. Nilimjibu kwamba ni vumbi. Sikuinua hata kichwa kutoka katika kitabu nilichokuwa nikisoma.

Jumatano moja, umeme uliporudi mwendo wa saa kumi na mbili u nusu jioni, dada alibonyeza kitufe. Feni ilicheza nusu mzunguko, taa ndogo ya kijani ikamulika kidogo, kisha kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mezani palikuwa na mitihani ya kufungua muhula wa tatu ya shule mbili za msingi, madarasa manne kila shule, nayo ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Walimu walikuwa wamekwisha kulipa nusu ya fedha, na nusu hiyo ilikuwa imekwisha kununua karatasi na wino. Dada hakulalamika. Aliketi, akafunika kibodi kwa kitambaa chake cha maua, akaniuliza, "Wewe si ndiye unayesomea mambo ya kompyuta?"

Nilichukua simu, nikampigia muuzaji mmoja wa vifaa jijini. Mazungumzo hayo nayakumbuka kwa aibu. Aliniuliza kilichoharibika ni nini. Nikamwambia ni kile kitu. Kitu gani? Kile cha nyuma, kinapoingia waya wa ukutani, chenye feni. Akaniuliza kina nyaya ngapi, kichwa chake kikoje, ni cha wati ngapi. Sikuwa na jibu hata moja. Mimi niliyekuwa na istilahi zaidi ya mia sita sikuwa na neno moja la kukiita kifaa kilichotuangusha, kwa sababu istilahi zangu zote zilikuwa za mambo yanayoonekana kwenye skrini. Niliisoma jahazi kwa kuitazama tanga. Mbao na misumari sikuwa nimeiona.

Asubuhi ya Alhamisi tuliibeba tarakilishi kwa mkokoteni hadi kwa fundi wa redio. Alikuwa mzee wa makamo aliyejifunza kazi hiyo Nairobi katika miaka ya sabini, enzi za redio za vali, na sasa alitengeneza chochote chenye waya: redio, runinga, chaja za simu, pasi. Dada alimwamkia kwa heshima, akamweleza kilichotokea. Fundi hakuigusa tarakilishi. Alianza na waya wa kuunganishia, akaupima kwa mita yake kuona kama umekatika ndani. Mzima. Akaipima fyuzi ya plagi. Nzima. Kisha akageuka kwangu.

"Mwalimu," alisema, maana dada alikuwa amemweleza kwamba nasoma chuo kikuu, "kabla ya kumlaumu mpishi, uliza kama kuni zimefika. Na kabla ya kumlaumu anayelisha, uliza kama anayelishwa hajasakamwa."

Alichomaanisha kilikuwa hiki. Tarakilishi ikikataa kuwaka, huenda kosa liko katika kile kisanduku cha bati, ambacho yeye alikiita pawa, au huenda liko katika bodi kubwa ambayo pawa huilisha, madabodi. Ikiwa bodi ina nyaya zilizogusana, pawa nzima kabisa itajizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo alivichomoa vichwa vyote vya nyaya kutoka kwenye bodi, akaitoa pawa nje, akaiunganisha na diski kuukuu isiyo na kazi pamoja na balbu ya gari ya volti 12, ili iwe na mzigo wa kubeba, kisha akaichomeka kwenye jenereta ndogo ya kinyozi jirani. Akagusisha waya wa kuwashia na waya mweusi. Feni ikacheza nusu mzunguko, ikasimama. Akapima waya wa zambarau. Mita ilisoma volti 4.1, nao unatakiwa kuwa 5, na ukipungua sana usishuke chini ya 4.75.

"Ni yeye," alisema. "Madabodi haina kosa. Hata kazi yako imo salama, kwa sababu diski yako haikuguswa. Mwenye njaa si maiti."

Nilishusha pumzi. Nikamwuliza waya wa zambarau una kazi gani. Akasema, "Huo ni wa kukesha." Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba tarakilishi ya aina hii haizimi kabisa maadamu imechomekwa ukutani. Kuna sehemu ndogo ya pawa ambayo hubaki macho usiku kucha, ikitoa volti 5 ili kitufe kikibonyezwa kuwe na wa kuitika. Sehemu hiyo ikidhoofika, kitufe kitabonyezwa hadi kesho bila kuitikiwa. Katika orodha yangu ya istilahi nilikuwa na "hali ya kusubiri". Naam, ni tafsiri sahihi. Lakini mlinzi hasubiri usiku, hukesha, na mzee huyu hakuwa ametafsiri chochote. Alikuwa ameitazama kazi ya waya, akauita kwa kazi yake.

Alipozifungua skrubu za kisanduku, nilijongea kwa pupa, nikanyoosha kidole kuonyesha vumbi lililokuwa limejaa ndani. Alinipiga kofi la mkono ambalo lilisikika hadi kwa kinyozi. Dada aliruka. Fundi alikuwa amekasirika kwelikweli, na nilipoelewa sababu sikumlaumu. Umeme wa ukutani nchini mwetu ni volti 240, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukiingia katika pawa hunyooshwa kwa dayodi, na kilele chake hufikia takribani volti 340. Shehena hiyo huhifadhiwa katika kapasita mbili kubwa zilizosimama kama mikebe, nazo zinaweza kubaki nayo hata baada ya waya kuchomolewa. "Umeme umekatwa, lakini hawa bado wameshiba," alisema. Alichukua balbu ya wati 60 yenye nyaya mbili, akazigusisha na miguu ya kapasita ya kwanza. Balbu ilimweka, ikafifia, ikazima. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Kidole changu kilikuwa kimefika umbali wa sentimita moja hivi. Ndugu msomaji, nakusihi usikifungue kisanduku hicho kama hujafundishwa. Kina kifo ndani yake hata kikiwa mezani, mbali na soketi.

Baada ya hapo alitulia, akatueleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia yakielezwa vizuri zaidi. "Umeme wa ukutani ni lori la maji," alisema akimtazama dada. "Mtoto akilia kiu, huwezi kumnywesha kwa lori." Pawa huupokea umeme mkali, huunyoosha, kisha huukatakata kwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo. Kwa kuwa umekatwa kwa kasi kubwa namna hiyo, transfoma inayohitajika ni ndogo kama kiberiti, tofauti na zile nzito za redio za zamani. Upande wa pili hutoka volti 12 za kuzungusha diski na feni, volti 5 na volti 3.3 za kulisha bodi. Kapasita za upande huo kazi yake ni kulainisha mawimbi, ili kila kinywaji kimfikie mnywaji bila kumwagika wala kupungua.

Alimulika tochi ndani. Kapasita tatu za upande huo zilikuwa zimevimba vichwa, na moja ilikuwa imetapika utomvu wa kahawia. Nilishangilia kwamba ugonjwa umepatikana. Fundi akatikisa kichwa. Alizibadilisha kwa muda zote tatu kwa kapasita kuukuu za runinga, akajaribu tena, na pawa ikagoma vilevile. Ndipo alipoelekeza bisibisi yake kwenye kapasita moja ndogo kama punje ya mahindi, safi, isiyo na uvimbe wala doa, iliyofichwa karibu na chuma cha kupozea joto. "Waliovimba wanaonekana," alisema. "Aliyekauka haonekani." Ndani ya kapasita za aina hiyo mna umajimaji, na joto huukausha polepole. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Punje ile ilikuwa imeokwa kwa miaka kumi, na vumbi letu la Katangi lilikuwa limeizibia hewa. Ndiyo iliyoiamsha sehemu ya kukesha. Asubuhi ilipokuwa baridi haikuweza kazi, ilipopata joto kidogo iliweza, na hatimaye ikashindwa kabisa. Maneno ya dada, kwamba kompyuta inachelewa kuamka, yalikuwa maelezo kamili ya ugonjwa huo. Mimi niliyekuwa na masikio ya lugha ndiye niliyeyapuuza.

Nilipendekeza jambo lililoonekana rahisi, yaani niende Nairobi nikanunue pawa nyingine, tuitupe hii. Fundi alinyamaza kwa muda, kisha akanisimulia kisa. Miaka miwili kabla ya hapo aliletewa tarakilishi ya kampuni hiyohiyo na mwenye duka mmoja. Alitafuta pawa nyingine, kichwa chake kikaingia vizuri kama mguu katika kiatu chake. Alipowasha, bodi ilitoa moshi. Kampuni iliyoiunda ilikuwa imetumia kichwa kilekile cha matundu ishirini kinachotumiwa na wote tangu kipimo cha ATX kilipotolewa mwaka 1995, lakini ndani ya matundu hayo ikapanga nyaya kwa utaratibu wake yenyewe. Waya wa kuwashia, ambao kwingine huwa wa kijani, kwao ulikuwa wa kijivu. Volti 3.3 hazikupita katika kichwa kikubwa, bali katika kichwa kidogo cha pembeni chenye nyaya sita. "Niliilipa kwa mbuzi watatu," alisema fundi, "na yule mwenye duka hajaniletea hata tochi tangu siku hiyo."

Mhadhiri wetu wa semantiki alizoea kutupa mfano wa neno mbuzi. Ukiingia jikoni pwani ukaambiwa ulete mbuzi, usiende zizini, kwani kinachotakiwa ni kifaa cha kukunia nazi. Umbo ni moja, maana ni mbili. Tulicheka, tukaandika "homonimu" katika madaftari yetu, tukasonga mbele. Mzee huyu alikuwa amekutana na homonimu ya chuma, nayo ilikuwa imemgharimu mbuzi wenyewe, wa kwato na ndevu.

Jioni hiyo alinipa kipande cha karatasi ya kaki. Upande mmoja alikuwa ameandika kila waya kwa rangi, mahali pake na kazi yake: wa kuwashia, wa kukesha, wa kutoa taarifa kwamba yote ni tayari, wa volti 12, wa volti 5, na arthi. Upande wa pili aliorodhesha kapasita tisa pamoja na vipimo vyake vitatu, yaani uwezo kwa maikrofaradi, volti zinazostahimiliwa, na joto. Kwenye joto alipiga mistari miwili chini ya 105. "Watakupa za nyuzi 85 kwa sababu ni rahisi," alisema. "Zikatae. Na usilinganishe vichwa. Linganisha rangi na kazi."

Ijumaa alfajiri nilipanda matatu. Katika kibanda cha kwanza cha Luthuli Avenue, kijana mmoja mcheshi alinipa pawa iliyotumika akaniapia kwamba itaingia. Ni kweli, ingeingia. Niliitoa karatasi yangu ya kaki nikaanza kusoma: waya wa kuwashia uko wapi? Kichwa cha pembeni cha nyaya sita kiko wapi? Ucheshi wake ulipungua. Aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe polepole, akaniuliza nimeipata wapi. Kisha akasema kwa haki kwamba hiyo hana, wala hadhani nitaipata sokoni siku hiyo. Akanielekeza kwa muuza kapasita ghorofa ya juu. Nililipa shilingi mia nne na ushei kwa kapasita tisa za nyuzi 105, ambazo zote zilienea katika bahasha ya barua. Safari nzima sikulitafuta neno hata moja. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye ile karatasi, tena kwa Kiswahili.

Jumamosi fundi alizichomoa zile kongwe moja baada ya nyingine kwa solda, akaziweka mpya, kila mara akihakikisha kwamba mstari wa hasi umekaa upande wake, kwa maana kapasita ya aina hii ikigeuzwa inaweza kupasuka. Alipomaliza hakuichomeka moja kwa moja. Aliunganisha balbu ya wati 100 katikati ya njia ya umeme, ili kama kuna kosa, balbu ichukue pigo badala ya pawa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ni hatari. Ikimweka kisha ikafifia, ni salama. Tulisimama sote watatu, na kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu. Ikamweka. Ikafifia. Akagusisha waya wa kuwashia, na feni ikazunguka bila kusita.

Nilitaka kumkumbatia. Yeye akachukua mita akapima waya wa volti 12. Ilisoma 12.1. Nikasema, basi, imepona. Akasema bado, akaunganisha tena diski kuukuu na ile balbu ya gari, akapima upya. Ikasoma 11.9. Waya wa kukesha ukasoma volti 5 kamili. Hapo ndipo alipoitoa mita. "Pawa isiyo na mzigo hudanganya," alisema. "Hata mgonjwa hutoa namba nzuri akiwa amelala. Mpe kazi, ndipo umpime."

Saa mbili usiku tarakilishi iliwaka juu ya meza ya dada. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuzinakili sura zangu tatu kwenye flashi, kisha kwenye sidii mbili, moja nikaificha katika sanduku la nguo la mama. Kitu cha pili ni kumwachia dada kiti chake. Alichapa usiku kucha, mimi nikisoma hati za walimu kwa sauti naye akiandika, na Jumapili jioni alikuwa amefika katika mtihani wa mwisho, Kiswahili darasa la saba. Jumatatu saa moja asubuhi walimu waliichukua mitihani yao. Fundi alidai shilingi mia tano. Dada alimpa elfu moja na debe la pojo, akachukua elfu na kulirudisha debe, akisema mwaka wenyewe si wa kugawa chakula.

Niliporudi chuoni niliandika sura ya nne upya. Nilikuwa nimepanga kuitetea istilahi "kigavi" kama jina la kifaa kile, kutokana na nomino ugavi, na niliwahi kumpelekea fundi pendekezo hilo nikitarajia sifa. Alilisema mara mbili tatu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaniuliza, "Inagawa tu? Haipunguzi? Hainyooshi?" Sikuwa na jibu. Nililiandika neno hilo katika tasnifu pamoja na swali lake, na mtahini mmoja akanishauri niliondoe swali. Niliomba libaki, na likabaki.

Miaka imepita. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi nchini Kenya sambamba na Kiingereza. Duka la dada sasa lina vipakatalishi vitatu, na wateja wengi huja kuomba huduma za serikali mtandaoni. Pawa ya kipakatalishi iko nje, ni chaja ya kushikwa mkononi, na ikiharibika hutupwa. Fundi ameacha kazi kwa sababu ya macho. Mara ya mwisho nilipomtembelea tulizungumza juu ya mvua. Karatasi yake ya kaki ninayo ofisini, imegeuka rangi kwenye mikunjo, na kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu wa isimujamii.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, sisemi kwamba kamati za istilahi hazina kazi. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930 hadi BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, wamefanya kazi ambayo sisi sote tunaila matunda yake, na mimi ni mmoja wa walaji. Ninachosema ni hiki. Neno likiwa ndani ya orodha ni pawa isiyo na mzigo, litasoma namba nzuri daima. Lipelekeni kwa anayelihitaji ili afanye nalo kazi, kwa fundi, kwa muuzaji, kwa mchapaji mwenye mitihani ya Jumatatu, kisha mlipime. Na mkifika hapo barazani, kabla hamjatoa maneno yenu mfukoni, ulizeni kwanza wao wenyewe hukiitaje. Huenda mkakuta jina liko tayari, na limekesha hapo miaka mingi likisubiri mtu wa kuliandika.